Jinsi Kasyoka Alivyolipia Mbuzi Wake Mwenyewe

Siku Kasyoka alipotangaza kwamba nyumbani kwake nyama italiwa Jumapili peke yake, mumewe aliisukuma sahani ya ndengu ikaanguka chini ya meza, akatoka nje kusimama karibu na tangi la maji.

"Hata jela wanapewa nyama!" alisema kwa sauti, ili wapangaji wa ploti nzima wasikie. "Mimi nimefunga ndoa na bwana jela."

"Hata hiyo ndoa hujafunga bado," Kasyoka akamjibu kutoka ndani. "Kwanza maliza kulipa."

Watu wa ploti walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua wanazungumza nini. Nyumba yangu na yao hapa Mutuini zimeungana, na Kasyoka ni mwenzangu katika maombi ya akina mama. Mengi ya mwaka ule niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe. Ameniruhusu niyaandike. Kisilu hakuniruhusu, lakini hakunikataza pia.

Kasyoka ni msusi. Ana kiti chake katika saluni moja pale Kenyatta Market, mlango kwa mlango na wachoma nyama. Kisilu ni karani katika ofisi ya serikali mjini, mtu wa tai, mtu wa viatu vinavyong'aa hata mvua ikinyesha, na matope ya Mutuini si mchezo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Rachael, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kazi katika duka la dawa.

Balaa lenyewe lilianza na mbuzi. Kwetu Ukambani, mwanamke anaweza kuzaa na kulea na kuota mvi katika nyumba ya mwanamume, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajapelekwa kwa baba yake, wazee hawamhesabu kuwa mke. Ni kama mgeni aliyekawia kurudi kwao. Na mwanamume ambaye hakupeleka mbuzi wa mke wake hawezi kupokea mbuzi wa binti yake. Kisilu alimchukua Kasyoka wakiwa vijana, akasema mbuzi atapeleka mwaka ujao. Kila mwaka ulikuwa na mwaka wake ujao. Hakuna aliyemsumbua, mpaka kijana mmoja fundi umeme anayeitwa Nzau aliposema watu wake wanataka kuja kumposa Rachael.

Wazee wa upande wa Kisilu wakamwita wakamwambia, "Utakulaje mbuzi za watu na wewe zako hazijaenda?"

Aibu ilimshika. Akiba hakuwa nayo. Ndipo akaikumbuka kadi.

Hiyo kadi ya mkopo aliletewa ofisini na msichana wa benki, amevaa vizuri, anacheka na kila mtu, anasema, "Mzee, wewe jaza hapa tu." Kisilu alikaa nayo mfukoni muda mrefu akiionyesha watu. Sasa akaanza kuitumia. Mbuzi hawanunuliwi kwa kadi, muuza mbuzi hana ile mashine ya kupitishia. Kwa hiyo Kisilu aliichomeka kadi kwenye mashine ya benki akatoa pesa taslimu, na pesa ya namna hiyo inaanza kula riba siku ile ile. Blanketi za baba mkwe, kadi. Sukari na soda, kadi. Suti mpya, kadi. Magari ya kupeleka watu Ukambani, kadi. Na kabla ya safari akawapeleka binamu zake Kenyatta Market wakala mbavu na matumbo mpaka wakafungua mikanda, kadi vilevile. Kasyoka aliwaona kutoka saluni, akadhani mumewe ameongezwa mshahara. Alimshukuru Mungu. Ntheo ikaliwa mwezi wa Agosti, akacheza na dada zake mpaka visigino vikavimba, akarudi Nairobi akiwa mke wa mtu.

Kisilu hakumwambia neno. Kila mwezi benki ilimtumia ujumbe alipe angalau hiki kidogo, naye akalipa hicho kidogo, akajipongeza. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa, kwamba hicho kidogo karibu chote kilimezwa na riba, na deni lenyewe lilibaki limekaa. Ilipofika Januari hata hicho kidogo kikamshinda. Wakampigia simu hakushika. Basi wakampigia Kasyoka, akiwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Wewe ni Kasyoka?"

"Ni mimi."

"Naitwa Muigai. Kisilu aliandika jina lako kwa fomu ya benki. Mwambie alipe laki mbili na kitu, ama tutamfuata mpaka ofisini, mbele ya mkubwa wake."

"Laki mbili za nini, baba?"

"Mama, mimi si baba yako. Muulize Agosti alikuwa anakula nini."

Kasyoka alimaliza kile kichwa, kwa sababu mteja hana kosa, akaja nyumbani akamngoja mumewe mlangoni.

"Kisilu. Hizo mbuzi ulipelekea baba yangu ni za nani?"

"Ni zako. Kwani umesahau ulivyocheza?"

"Ni za benki."

Kisilu alivua koti polepole. "Zilishaliwa, mama Rachael. Benki itaenda kuzitoa kwa tumbo ya baba yako?"

Namjua Kasyoka miaka mingi. Ni mtu wa maneno makali. Akasema, "Basi mimi sijaolewa. Mimi nimekopwa."

Sasa ungedhani ndugu wa mume wangeona haya. Dada yake Kisilu anaitwa Yvonne, anakaa Muthangari katika zile nyumba zenye geti la umeme, na mume wake ana biashara ya kuingiza matairi. Mungu anisamehe, huyo mwanamke sikumpenda tangu siku ya kwanza, alipoingia kwangu kusalimia akafuta kiti kwa karatasi kabla ya kukikalia. Alikuja na suluhisho tayari.

"Wifi, mbona unapiga kelele? Desemba watu wa Nzau wanakuja. Tutataja pesa ya maana, Kisilu afunge hiyo kadi, maneno yaishe. Hakuna mtu ameumia."

"Pesa ya mtoto wangu ilipe mbuzi za mama yake?"

"Si ya mtoto, ni ya familia."

"Na mkitaja pesa nyingi huyo kijana akimbie?"

"Akikimbia alikuwa hajitoshelezi."

Kasyoka aliinuka. "Nimekusikiza wifi, sasa wewe nisikize. Desemba wakikuja hawatakuta deni hapa. Mtoto wangu hataolewa akibeba deni kwa mgongo."

"Utalipa na nini? Na hizo nywele?"

"Nitalipa na sufuria."

Yvonne alicheka mpaka akashika ukuta, ule ukuta aliokuwa akiogopa utamchafua. Kisilu naye akacheka, kwa sababu dada yake anacheka.

Basi ndiyo vita vilivyokuwepo, na kila mtu alijua kinachopiganiwa: deni liishe kabla watu wa Nzau hawajafika, au Rachael auzwe kulilipa.

Jambo la kwanza Kasyoka aliitoa kadi kwenye pochi ya mumewe akaniletea. Nilimwambia tuikate kwa makasi tuitupe chooni. Aliigeuza akanionyesha maandishi ya nyuma kwamba ni mali ya benki. "Ya watu siwezi kukata," akasema. "Weka. Hata nikija nalia usinipe." Nikaitia kwenye jalada la Biblia, tukaomba, akaenda zake.

Kisha akakaa na mshahara wa Kisilu na mapato ya kiti chake, akajua pesa zilikuwa zinaenda wapi. Si kodi iliyokuwa ikiwamaliza. Ni chakula. Nyama robo hapa, nusu pale, mkate na soseji asubuhi, chipsi jioni akichelewa, kuku kila Yvonne akija, na Kisilu mchana anakula hotelini mjini kama mbunge. Akaandika juma zima kwenye kipande cha boksi akakibandika kwenye kabati: siku gani wanakula nini, na mchana Kisilu abebe nini. Gunia la muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, likaja kwa basi kutoka kwa mama yake Mwingi. Mbaazi pia, na ndengu. Jumamosi alikuwa anawasha jiko la makaa mara moja, anachemsha sufuria moja kubwa ya mbaazi na nyingine ya muthokoi, anagawa kwenye mikebe na kuweka kwenye friji, ili katikati ya juma gesi iwe ya kuunga vitunguu tu. Nyuma ya bafu akajaza magunia udongo akapanda sukuma wiki. Omena, wale dagaa wa ziwani, mara moja kwa juma, na kichwa cha mbuzi kwa supu siku ambayo mchinjaji anamwachia kwa bei ya ujirani. Pesa iliyobaki hailali. Mshahara ukiingia, siku hiyo hiyo anamsimamia Kisilu akilipa kwa simu, si kile kidogo cha benki, mara mbili na zaidi yake.

Mimi niliona ni hekima. Nyumbani kwake waliona ni uadui.

Kisilu alikataa kubeba chakula ofisini. Akabeba siku moja, akafungua mkebe mbele ya wenzake, mmoja akamuuliza kama amerudi mafunzo ya jeshi. Jioni aliurudisha umejaa, akauweka mezani kwa kishindo.

"Wanacheka!"

"Wao ndio walikopesha?" Kasyoka akauliza. Akakifungua kile chakula, akakipasha moto, akampakulia kiwe cha usiku. Kesho yake kilikuwa kile kile. Siku ya tatu Kisilu alikula.

Lakini hakushindwa hivi hivi. Jioni moja Kasyoka aliporudi kazini, mumewe alimsogelea akamnusa shingo. Kwanza nilipoambiwa nilidhani ni mapenzi.

"Unanuka choma."

"Nafanya kazi katikati ya moshi, nitanuka waridi?"

"Unakula nyama huko! Unashiba, halafu unakuja kutulisha ndengu kama kuku. Rachael, kuja unuse mama yako."

"Buda, wacha hizo," Rachael akasema. "Hata mimi nikipita huko nguo zote zinanuka."

"Nyinyi ni kitu kimoja. Mwanamke mwizi na mtoto wakili."

Hapo ndipo Kasyoka alipolia, kwangu, si kwake. Maana kutwa nzima alikuwa anasuka huku mafuta ya mbavu yanachuruzika kwenye makaa hatua chache kutoka mguuni pake, na wateja wanakula huku wakisukwa, wanamwambia, "Onja, mama," naye anasema ameshiba. Nilimuuliza kwa nini asionje kipande cha kupewa, si dhambi. Akaniambia, "Nikionja, akininusa nitakuwa mwongo."

Baada ya siku chache Kisilu aligonga kwangu. Alikuwa ameambiwa, au aliotea.

"Mama Lazarus, shikamoo. Nipe kadi yangu."

"Marahaba. Kadi gani?"

"Wewe ni mtu wa Mungu. Usidanganye."

Ni kweli siwezi kudanganya, naye alijua. Nikamwambia, "Ninayo. Na sikupi."

"Hiyo ni wizi. Nitakupeleka polisi."

"Nipeleke. Nitaenda na Biblia, kadi iko ndani, wataikuta. Halafu waulize ilinunua nini."

Aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuangaliwa nayo na jirani. Akasema nyumba yangu imegeuka benki ya wanawake wachawi, akaenda. Tangu siku hiyo akipita hakunisalimia. Nilimwombea, lakini sitasema uongo, nilimwombea nikiwa na hasira.

Yvonne alikuja Alhamisi moja bila kupiga simu, akiwa na rafiki yake. Kwetu mgeni anachinjiwa, hata kama ni kuku mmoja aliyekonda. Kipande cha boksi kilisema Alhamisi ni ndengu na ugali. Kasyoka akawapakulia ndengu na ugali.

Yvonne aliiangalia sahani. "Wifi, hii ni nini?"

"Ni Alhamisi."

"Nimekuja na mgeni!"

"Nimemwona. Nimemwekea nyingi."

"Hata mwaka wa ile njaa nyanya yetu hakumpa mgeni ndengu kavu."

"Nyanya yako hakuwa analipa kadi."

Yvonne alitoa simu, akaagiza kuku wa kukaanga aletwe na boda boda mpaka Mutuini, akamlipa mwenye boda boda mlangoni, na wote wawili wakala pale pale mezani mwa Kasyoka, mifupa wakaiacha juu ya kile kitambaa chake cha kufuma. Kisilu alirudi akakuta kuku, akakaa, akala nao. Kasyoka alikula ndengu zake kwenye meza ile ile, tonge kwa tonge, bila kuinua macho. Walipoondoka akaniita akanionyesha mifupa.

"Supu?" nikamuuliza, nikijaribu kumchekesha.

"Hii nitawapa paka. Ya huyo mwanamke siweki kwa sufuria yangu."

Mwezi kwa mwezi deni likawa linashuka. Muigai wa simu akaanza kumwita mama. Kufikia Agosti ilibaki kama elfu arobaini hivi, na Kasyoka akaanza kuniambia Desemba ni mbali, atamaliza hata kabla.

Ndipo Rachael alipokuja kwangu mbio. Nzau alikuwa amemwambia kwamba watu wake wanakuja Septemba, Jumamosi ya pili. Aliyewaita ni Yvonne. Alimpigia mjomba wa Nzau akamwambia familia iko tayari, hakuna haja ya kungoja, na kiasi alichokitaja kwa simu kilikuwa ni cha kumtoa mtu jasho. Na Kisilu alijua! Posho yake ya likizo ilikuwa imeingia kazini, akaificha, wakaipangia hema, viti vya kitambaa, mpishi wa kukodi na keki ya ghorofa. Kwa hesabu yao wageni wangefika deni likiwa bado lipo, pesa ya Rachael iingie benki, na Kasyoka aonekane alikuwa anawashindisha njaa bure.

Kasyoka alipoambiwa alikuwa anafua. Aliendelea kukamua shuka. Jumapili Yvonne alipokuja kupanga mambo ya hema, Kasyoka aliwakuta yeye na Kisilu wamekaa nje, mimi nikiwa naanika nguo zangu upande huu.

"Posho imeingia," akasema.

Kisilu akamtazama dada yake. "Nani amekwambia?"

"Hiyo pesa ya hema na ile imebaki kwa kadi ni kama zinatoshana. Kesho tunaenda benki."

"Wifi, wageni wataketi kwa jua?" Yvonne akasema. "Watakula nini? Muthokoi?"

"Muthokoi na mbaazi. Nyama wanakuja nayo, iko na miguu minne."

"Wewe unataka kutuaibisha mbele ya watu."

"Hapana. Nyinyi ndio mmeniharakisha, kwa hivyo nimefikiria haraka." Akakaa kwenye ndoo aliyoipindua, akaweka mikono magotini. "Wakishaketi, kabla mbuzi hazijashuka kwa gari, mzee wao atauliza kama mbuzi za mama ya msichana zilifika. Lazima aulize. Na mimi nitatoka jikoni, nimjibu."

"Utajibu nini?" Kisilu akauliza.

"Nitamwambia zilifika, lakini ni za benki, hazijalipwa. Niwaache wazee waamue kama mimi ni mke hapa ama ni mgeni. Wakisema ni mgeni, wewe huna ruhusa ya kupokea hata sikio la mbuzi."

Niliacha kuanika. Maana ni kweli. Mbele ya wazee, neno hilo likitamkwa, siku imeharibika.

"Utaharibu ndoa ya mtoto wako mwenyewe!" Yvonne akapiga kelele.

"Itangoja. Mimi nilingoja miaka ishirini na kitu."

"Wewe ni shetani."

"Chagueni. Shetani, mke, ama mgeni. Kesho saa tatu nitakuwa steji ya matatu."

Rachael alikuwa mlangoni, akasikia yote. Nilidhani atamlilia mama yake asifanye hivyo. Akasema tu, "Baba, lipa," akaingia ndani.

Asubuhi Kisilu alikuwa steji. Alikuwa na tai. Tuliingia mjini watatu, mimi nikiwa na Biblia mkobani. Benki ilikuwa na foleni na baridi ya mashine. Kisilu alilipa, karani akabonyeza akabonyeza, akatabasamu.

"Hongera mzee. Sasa kwa vile umelipa vizuri, benki imekuongezea kiwango. Unaweza kutumia mpaka laki nne."

Nauapia ukweli huu ingawa kuapa si vizuri: mkono wa Kisilu uliinuka. Wenyewe tu, kama wa mtu anayepokea sadaka. Kasyoka aliupiga kofi hapo hapo, mbele ya foleni, kofi la kusikika, mpaka askari wa mlangoni akageuka.

"Hiyo laki nne mpe mwingine," akamwambia karani. "Funga. Na unipe barua."

Mimi nikafungua Biblia nikamkabidhi yule karani kadi. Akaikata kwa makasi vipande viwili, akiniangalia kana kwamba nimemletea maiti.

Watu wa Nzau walikuja Jumamosi ya pili, kwa magari mawili na pikapu ya mbuzi. Kisilu hajajenga kwao, kwa hiyo tuliwapokea hapa hapa uwanjani. Hema halikuwepo. Tulikopa benchi za kanisa, tukafunga shuka kwenye kamba za nguo ziwe kivuli. Yvonne alikuja na miwani myeusi, akakaa ndani ya gari lake huku mlango umefunguliwa, kusudi aonekane hayumo. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Nzau, askari jela mstaafu, mwenye sauti ya kuhesabu watu. Hakupendezwa na chochote.

"Hapa ndipo binti alilelewa? Mbona jua ni letu sote? Na hiki chakula, harusi ama matanga?"

"Ni cha nyumbani," Kasyoka akasema, akampakulia.

Alikula. Hakusifu. Alipomaliza alifuta mdomo, akamwelekezea Kisilu kidole.

"Kabla hatujashusha kitu. Mbuzi za mama ya huyu msichana zilifika kwao?"

Kasyoka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, na mchuzi wa mbaazi unadondokea kiatuni mwake. Kisilu alimwangalia dada yake kwenye gari, akamwangalia mke wake.

"Zilifika," akasema. "Na zimelipwa."

"Nani amekuuliza kama zimelipwa? Nimeuliza kama zilifika."

Watu wakaangua kicheko. Kisilu alisimama, uso umemwiva kama nyanya.

"Nami nimekujibu yote mawili, mzee. Shusheni mbuzi."

Wakashusha. Kile kiasi cha Yvonne mjomba alipokitaja kwa kejeli, Kisilu akasema hajui kilitoka wapi, akataja nusu yake. Mlango wa gari la Yvonne ukafungwa kwa nguvu, gari likaondoka likirusha vumbi kwenye sahani za wageni. Mpaka leo hawasalimiani na Kasyoka, na mimi sidhani watasalimiana hapa duniani.

Pesa waliyotoa Kisilu aliikabidhi kwa Rachael ikiwa bado kwenye bahasha, bila kuifungua. Hakufanya kwa furaha. Aliitupa mapajani mwake kama mtu anayetupa kaa la moto.

Jua lilipoanza kushuka wageni walikuwa wameondoka. Mimi na Kasyoka tulikuwa tunasugua sufuria kwa mchanga karibu na bomba. Kisilu akaja akatusimamia, amelegeza tai.

"Umefurahi?"

"Ndiyo," Kasyoka akasema.

"Ulinipiga mbele ya watu. Umenilisha kama mahabusu mwaka mzima. Umemfukuza dada yangu."

"Ndiyo."

Viatu vya Kisilu vilikuwa vimejaa vumbi na hakuvipangusa.

"Haya. Sasa hakuna mtu atasema wewe si mke wangu. Niletee chai."

Kasyoka aligeuza sufuria, akaanza kusugua upande wa chini, uliokuwa mweusi zaidi.

"Chai iko kwa chupa," akasema. "Jimiminie. Na unimiminie pia."